Marcelina na Marafiki Zake

Siku picha ya Ummukulthum ilipotoka kwenye gazeti la mtaa, akiwa juu ya farasi na kofia ngumu ya wapanda farasi juu ya hijabu, Anselm aliikata kwa mkasi wa jikoni akaibandika kwenye mlango wa friji. Hakuwa na nia mbaya. Wanaume wengi huharibu mambo bila nia mbaya. Mkewe, Marcelina, alirudi kutoka shifti saa tisa alasiri, akaenda kutafuta maziwa, akakutana uso kwa uso na yule mwanamke akitabasamu kati ya kalenda ya parokia na namba ya simu ya fundi bomba. Maziwa akayaacha humo humo. Chai ya siku ile aliinywa ya rangi.

Chini ya picha gazeti lilikuwa limeandika kwamba mwanamke wa Hayes, mtaa wao huko kwa Waingereza, anaongoza mapambano ya kuiokoa njia ya farasi. Marcelina alilisoma neno hilo mara tatu. Mwanamke wa Hayes! Mtu aliyehamia Hayes mwaka 2003, kutoka Portsmouth, wakati yeye Marcelina alikuwa hapo tangu 2001. Mgeni wa juzi kabisa, ingawa juzi yenyewe ilikuwa na miaka ishirini na ushee.

Tuseme ukweli mapema tusisumbuane. Marcelina alikuwa na wivu. Alikuwa nao kama mtu alivyo na presha: anaamka nao, anafanya nao kazi, analala nao, na kuna vitu akiviona unapanda. Na kitu kilichoupandisha kuliko vyote ni jina la Bi Ummu, huyo huyo Ummukulthum wa gazetini, kinywani mwa mumewe.

Njia yenyewe ilianzia nyuma ya nyumba zao, ikapita kando ya mazizi ya farasi ya bibi mmoja aitwaye Lila, ikakata shamba la zamani la Mzee Tolland, ikatokea jirani na nyumba ya kulelea wazee alikofanya kazi Marcelina. Kwa miguu ni dakika kumi na mbili. Kwa barabara kuu ni mabasi mawili na saa nzima, na mvua ya kule haina adabu. Farasi walipita, watu wa maghala walipita, watu wa shifti za uwanja wa ndege walipita, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba siku moja hawatapita. Lakini kwenye ramani ya kaunsili, halmashauri ya kule, njia hiyo haikuwapo. Mzee Tolland alipofariki, warithi wake waliuza shamba kwa kampuni ya kujenga maghala, na asubuhi moja ya Oktoba 2023 watu walikuta geti la chuma, kufuli, na bango la kuwaambia warudi walikotoka.

Marcelina ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitikisa geti lile. Alikuwa na miaka sitini, magoti yote mawili yakimsumbua, na msimamizi wake kazini alikwisha kumwandikia barua ya pili ya kuchelewa. Njia ikipotea, na kazi imepotea. Kwake hilo halikuwa na mjadala. Kwa hiyo mkutano wa kwanza ulipoitwa kwenye ukumbi wa mtaa, alivaa kitenge chake cha Pasaka akakaa mstari wa mbele, akingoja mtu amtaje awe mwenyekiti. Si vizuri mtu kujitaja mwenyewe. Alingoja. Mtu mmoja akanyoosha mkono, akasema Bi Ummu ana daftari ambalo ameandika kila siku tangu ahamie, nani kapita njiani, kwa miguu au kwa farasi, saa ngapi. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kutuongoza. Ukumbi ukapiga makofi. Aliyenyoosha mkono alikuwa Anselm.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba njia ile Bi Ummu alionyeshwa na yeye. Agosti 2003, kwenye kituo cha basi, Marcelina alimsikia mwanamke aliyevaa buibui akiongea kwenye simu Kiswahili kitamu cha Pemba, anasema amepotea. Akamshika mkono. Akampitisha shambani, akamwonyesha pa kukanyaga penye tope, akamfikisha mwisho wa njia. Walicheka njia nzima. Idi ya mwaka ule Bi Ummu akaleta sinia la biriani, na Anselm, baada ya sahani ya pili, akasema haki ya Mungu huyu mama anajua kupika. Basi. Urafiki ambao ulikuwa haujafikisha hata miezi minne ukafia pale pale mezani, na aliyeuua hakujua.

Tangu hapo kila Idi sinia lilikuja, na kila Idi Marcelina aliumwa kichwa chumbani. Bi Ummu alipiga simu, haikupokelewa. Marcelina alipopasuliwa goti, Bi Ummu alikuja na supu; Marcelina, akimwona dirishani, alimwambia mwanawe Evans aseme mama amelala. Evans, aliyezaliwa hapo hapo na hajibu Kiswahili hata akiota, alimjibu mama yake kwa Kiingereza kwamba mama hajalala, mama ana wivu, akaenda kusema amelala. Marcelina aliisikia supu ikipokelewa mlangoni na maneno ya pole. Aliinywa baadaye, ikiwa ya baridi, amesimama. Ilikuwa nzuri, na hilo pia likamkera.

Bi Ummu alikuwa na kila kitu. Alikuwa amestaafu ukarani wa shule na Kiingereza chake hakikuwa na makunyanzi. Akiwa na miaka arobaini na tano alijifunza kupanda farasi kwa Lila, kwa sababu tu alitaka. Watu walimsikiliza. Na Anselm, aliyestaafu kubeba mizigo ya abiria, alikuwa sasa anaenda nyumbani kwa Bi Ummu kila Jumanne yeye na Hitesh mwenye duka la dawa, kutoa kopi za fomu, na alirudi ananukia iliki.

Marcelina alikuwa na kitu kimoja tu ambacho Bi Ummu hakuwa nacho. Alikuwa na kadi.

Kwao Rombo hukati kihamba cha mtu, shamba lake la migomba, kimya kimya kama fisi. Unapiga hodi, unasalimu, unaomba njia. Ukishaomba na ukapewa, hata ukipita miaka mia hakuna wa kukutazama vibaya. Marcelina alipopata kazi kwa wazee mwaka 2002 na kugundua kuwa njia inapita shambani kwa mtu, alikaanga maandazi, akayafunika kwa kitambaa, akaenda kubisha kwa Mzee Tolland. Mzungu yule alishangaa, akala andazi moja pale pale mlangoni, akaingia ndani akatoka na kadi yenye picha ya farasi. Nyuma yake aliandika kwa mkono: Bibi Marcelina na marafiki zake wanaruhusiwa kupita hapa wakati wowote wapendao. Sahihi, Juni 2002. Kadi hiyo aliiweka pamoja na pasipoti na cheti cha ndoa, asimwonyeshe mtu. Wengine wote, aliwaza, walikuwa wakipita kama mbuzi waliokatika kamba. Yeye alikuwa na ruhusa.

Sasa hapa ndipo penye tatizo, na wivu ndio uliomzuia kulijua. Kwenye mkutano wa tatu Bi Ummu alisimama kueleza sheria ya nchi ile. Njia huwa mali ya umma, alisema, watu wakiipita miaka ishirini mfululizo kwa mambo matatu: bila nguvu, bila kujificha, na bila ruhusa. Hilo la tatu ndilo kubwa. Aliyepewa ruhusa na mwenye shamba ni mgeni wake, na mgeni hatwai njia. Nyayo zake hazihesabiwi hata zikiwa elfu. Aliyepita kama kwake, bila kumwomba mtu, huyo ndiye anayehesabiwa. Watu walishangaa, wakacheka, wakaandika. Marcelina hakuwapo. Alikuwa jikoni mwa ukumbi anaosha vikombe kwa hasira, kwa sababu Anselm alikuwa amemsogezea Bi Ummu kiti.

Na fomu ya ushahidi? Aliijaza Anselm mezani, Marcelina akigeuza samaki kwenye mafuta. Alifika kwenye swali la ruhusa akasema Bi Ummu ameelekeza hapa tuandike hapana kama hatukuomba. Marcelina aliposikia jina lile hakusikia kilichofuata.

"Andika anavyotaka Bi Ummu wako," alisema.

Anselm akaandika hapana, akamletea kalamu, mkewe akatia sahihi.

Kikao cha kusikiliza ushahidi kilifanyika vuli ya mwaka 2025, ukumbini pale pale. Serikali ilimleta mkaguzi, mama mwenye mvi na miwani ya kamba, na kampuni ikamleta wakili wake, kijana mpole mno. Ndiye wa kuogopa, mpole. Mashahidi walikuwa thelathini na watatu. Bi Ummu alisimama asubuhi na daftari zake, akaeleza mwaka baada ya mwaka, na wakili alimuuliza maswali saa nzima asipate pa kushika. Mwishoni mkaguzi alimuuliza aliijuaje njia. Bi Ummu akasema alionyeshwa na jirani.

Jirani! Jirani hana jina? Mtu umshike mkono, umwonyeshe njia, aje aipite kwa farasi, atoke gazetini, achukue na makofi yako, halafu wewe uwe jirani tu? Marcelina alipoitwa, alikwenda mbele akiwa amekwisha kuamua. Wakili alimuuliza, kwa upole, kama ni kweli amepita pale tangu 2002. Marcelina akafungua pochi.

"Mimi sikuvamia shamba la mtu," alisema. "Nililelewa. Niliomba ruhusa, na nilipewa kabla ya mtu yeyote humu ndani. Hii hapa."

Akaiweka kadi mezani. Ukumbi ulinyamaza, na yeye akaudhani ule unyamavu ni heshima. Alimwona Anselm ameshika kichwa. Alimwona Bi Ummu amefumba macho. Wakili aliisoma kadi, akaisoma tena, akampa mkaguzi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu.

Alimwambia Marcelina ni kadi nzuri sana. Akamwambia kwamba inaonekana Mzee Tolland alimheshimu. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza habari za watoto, kama Marcelina ni mtu anayejulikana hapa mtaani. Marcelina akasema anajulikana sana. Ana marafiki? Anao. Hawa waliokaa hapa, waliopita njia hii miaka yote, ni marafiki zake?

Mtu aliyengoja makofi miaka miwili akiulizwa swali kama hilo mbele ya ukumbi mzima, atajibuje? Marcelina alipanua mikono yote miwili.

"Wote," alisema. "Wote hawa ni marafiki zangu."

Mkaguzi alitangaza mapumziko ya chakula. Anselm alimtoa mkewe hadi karibu na vyoo, akamweleza polepole, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Ruhusa ndiyo sumu. Kadi imemtoa yeye, hilo si neno, yeye ni mmoja. Lakini kadi inasema na marafiki zake. Wakili atasema kila aliyepita pale alikuwa rafiki wa Marcelina, amepita kwa ruhusa ya Mzee Tolland, na nyayo za miaka ishirini zote zimefutika. Geti litabaki. Na yeye mwenyewe, mbele ya mkaguzi, amesema wote.

Marcelina aliziona barua za kazini, aliyaona yale mabasi mawili, alimwona Wanjohi anayefanya kazi maghalani na mfuko wake wa chakula, mbele ya geti, saa kumi na moja alfajiri. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakumfikiria Bi Ummu. Kisha akamfikiria, kwa sababu Bi Ummu alikuwa amesimama pale ukumbini katikati ya mashahidi, na walikuwa wanamuuliza wasemeje.

"Semeni kweli," alikuwa akiwaambia. "Msizidishe, msipunguze. Mkiulizwa juu ya Mama Evans, semeni kweli tu."

Alasiri wakaitwa tena mmoja mmoja, na swali lilikuwa moja. Hitesh alisema Marcelina ni mteja wake wa miaka ishirini na haijatokea siku akamuuliza jina la mke wake. Hapana, hawezi kumwita rafiki. Wanjohi alisema wanapishana kila alfajiri njiani, yeye humwambia habari ya asubuhi, na mama humwambia amechelewa. Lila alisema mazungumzo yao marefu kuliko yote yalihusu kinyesi cha farasi, na hayakuwa mazuri. Hapo ukumbi ulicheka. Marcelina alikaa na kitenge chake cha Pasaka, pochi mapajani, akisikiliza. Mtu baada ya mtu alisimama akasema si rafiki yangu, na kila aliyesema hivyo alikuwa anairudisha njia mikononi mwake hatua moja. Alitaka waendelee. Alitaka waache. Kibaya zaidi, hakusikia hata mmoja aliyedanganya.

Wa mwisho alikuwa Bi Ummu. Wakili alikuwa amemweka akiba. Kama daftari zile zingetoka kwenye ushahidi, kesi isingekuwa na mgongo. Akaanza kumpangia. Jirani aliyekuonyesha njia ni Bibi Marcelina, sivyo? Ndiye. Alikushika mkono? Alinishika. Unampelekea chakula kila sikukuu? Nampelekea. Unamwita kwa jina la mwanawe, kama mnavyoitana watu mnaoheshimiana? Ndiyo. Basi mbele ya mkaguzi huyu, si rafiki yako?

Bi Ummu akageuka akamtazama Marcelina, na kwenye uso wake hakukuwa na lile tabasamu la kwenye friji. Alijibu kwa Kiingereza, lakini taratibu, neno moja moja, ili kila aliyekuwamo alipate.

"Nimepiga hodi kwa Mama Evans miaka ishirini na miwili. Nilijua yumo ndani. Sijapata kukaribishwa. Ningepewa ruhusa hiyo, bwana wakili, leo ningekujibu ndiyo, na ningeikosa njia."

Mkaguzi aliandika. Wakili alisema hana swali jingine.

Uamuzi ulikuja Februari, kurasa nyingi, Anselm akausoma kwa sauti mezani. Njia ni ya umma, ya waendao kwa miguu na wapandao farasi, na itachorwa kwenye ramani. Geti liondolewe. Kuhusu mashahidi, mkaguzi aliwakubali thelathini na wawili. Shahidi mmoja, Bibi Marcelina, ushahidi wake hauhesabiwi kwa kuwa alipita kwa ruhusa. Anselm alitaka kuiruka sehemu hiyo; Marcelina akamwambia asome yote.

Siku geti lilipong'olewa watu walipita kwa kelele, na mbele kabisa alikuwa Bi Ummu juu ya farasi, na mpiga picha akiwapo. Marcelina alipita nyuma, na mfuko wake wa kazini, dakika kumi na mbili, akafika kabla ya saa. Wazee walimuuliza mbona leo kawahi. Siku nzima, akimvisha huyu soksi na kumlisha yule uji, alisikia sauti moja tu ikisema sijapata kukaribishwa, na haikuwa ya mkaguzi.

Jumamosi alikanda unga. Alikaanga maandazi, akayapanga kwenye sahani, akayafunika kwa kitambaa. Akavaa koti. Mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango akasimama, maana alikumbuka kwamba kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kufika, wala hajui ni mlango upi.

"Baba Evans," aliita. "Kwa Bi Ummu ni namba ngapi?"

"Kumi na nne," Anselm akajibu kutoka sebuleni, bila hata kufikiri. "Mlango wa kijani. Kengele haifanyi kazi, ugonge."

Aliijua hadi kengele. Wivu ukamchoma pale pale panapochomwa siku zote, mbichi kama jana. Marcelina aliusikiliza kidogo, akaishika sahani vizuri kwa mikono miwili, akaenda nao.